Wenye asili ya Norwei na wenye asili ya Kuba huku Marekani: nimefanya kazi na wote, tusisingizie damu

Wakuu, salaam. Mtoa mada ameuliza kwa nini Wamarekani wenye asili ya Norwei wana kipato kizuri na maisha yaliyotulia kuliko wenye asili ya Kuba. Mchangiaji wa tatu akajibu kwa mstari mmoja tu, kwamba wazungu wa kaskazini ni wachapakazi wa kuzaliwa, na wengi mkamuunga mkono. Jibu hilo limenikera tangu jana usiku, kwa sababu hawa watu mnaowajadili mimi nimekula nao.

Nilifikia Miami kwa bahati nasibu ya viza. Miaka minne nilibeba boksi kwenye ghala moja huko Hialeah, mji ulioshikana na Miami, ambako ukiingia dukani unasalimiwa Kihispania kabla mtu hajakutazama usoni. Baadaye nikahamia Minnesota, na mpaka leo nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Wengi wa ninaowaogesha na kuwalisha, babu zao walitoka Norwei.

Anzeni na tarehe. Meli ndogo iitwayo Restauration iliondoka Stavanger, Norwei, Julai 1825 ikiwa na watu 52, ikafika New York Oktoba. Huo ndio mwanzo. Katika miaka 100 iliyofuata Wanorwei kama 800,000 wakavuka bahari. Kwa hiyo mzee wa miaka 88 ninayemvalisha soksi asubuhi ni mjukuu au kitukuu wa mhamiaji. Wakuba wa huku Marekani wako kama milioni 2.4, na zaidi ya nusu yao wamezaliwa Kuba kwenyewe. Ukichukua wastani wa kundi hili na wastani wa lile, unalinganisha kitukuu na mtu aliyeshusha begi juzi.

Ghalani kwetu alikuwepo jamaa aliyekuwa mwalimu wa hesabu kwao. Alikuwa na miezi mitatu tu nchini, amepitia Ekwado na misitu ya Amerika ya Kati kwa miguu. Msimamizi wetu babu yake alikuja 1961, yeye kazaliwa Miami, ana shahada, ana nyumba yenye miembe miwili uani. Kwenye takwimu wote wawili wanaandikwa Wakuba. Mmoja alikuwa akilala sebuleni kwa binamu yake.

Sasa turudi kwa Wanorwei walipokuwa wageni. Kwao ardhi inayolimika ni kama asilimia 3 tu ya nchi, na shamba lilirithiwa na mtoto mkubwa. Wenzangu wa Kilimanjaro wanaojua kihamba, shamba la ukoo, kinavyokwisha wataelewa. Waliobaki walikuwa vibarua wa kukaa kwenye kipande cha ardhi cha tajiri na kumlipa kwa kazi. Hao ndio waliokuja. Wengi wakaanzia kwenye nyumba za mabonge ya udongo yenye nyasi, na kati ya 1873 na 1877 nzige wakala mazao Minnesota mwaka baada ya mwaka. Wachumi Ran Abramitzky na Leah Boustan wamefuatilia watu mmoja mmoja kwenye sensa za zamani, wakakuta Wanorwei walikuwa kwenye kazi za malipo ya chini kuliko wenyeji, na pengo lile halikufungika haraka. Hata watoto wao walibeba sehemu yake. Aliyewapima mwaka 1900 kwa kipato peke yake angewaandika kama watu walioshindwa. Mnakumbuka Januari 2018 rais wa hapa, Trump, aliporipotiwa kuuliza kwa nini hawaletwi watu wa Norwei badala ya watu wa Haiti na Afrika? Mababu wa Wanorwei hao wangepimwa kwa kigezo chake, wengi wasingepita.

Kilichowanyanyua kina jina na tarehe. Mei 1862 Lincoln alitia saini sheria ya kugawa ardhi: ekari 160, unalipa ada ndogo tu, unaishi juu yake na kulima miaka 5, inakuwa yako. Na hukuhitaji kuwa raia tayari. Ilitosha kutangaza kwamba unakusudia kuwa raia. Bibi mmoja ninayemhudumia ana hati ya namna hiyo kwenye fremu, ukutani juu ya kitanda chake. Ni ya babu yake mzaa baba. Aliniambia shamba lile liliwekwa dhamana benki mara nne: kununua mashine, kuokoa familia kipindi cha mdororo wa miaka ya 1930, kumsomesha baba yake, kumsomesha yeye ualimu. Karatasi moja, vizazi vitatu. Mimi nilisimama pale na taulo mkononi nikimfikiria baba yangu kule Iringa, aliyelima maisha yake yote kwenye shamba lisilo na hati.

Na lazima niliseme hili, kwa sababu huku huwa linarukwa. Ardhi ile ilikuwa na wenyewe. Mwaka uleule wa 1862 Wadakota, kabila la wenyeji asili, wakiwa na njaa baada ya malipo ya mikataba yao kucheleweshwa, waliingia vitani Minnesota. Desemba 26 wanaume 38 wakanyongwa kwa pamoja mjini Mankato, na mwaka uliofuata kabila zima likafukuzwa jimboni kwa sheria. Mzigo huo siuweki juu ya bibi yangu. Lakini mtu akiniambia utajiri ule ulitoka kwenye uchapakazi wa damu, namuuliza ekari 160 zilitoka wapi.

Wakuba nao walifunguliwa mlango. Baada ya mapinduzi ya Fidel Castro ya Januari 1959, walioondoka mwanzo walikuwa wenye mali na wasomi: madaktari, wanasheria, wafanyabiashara. Walitoka na sanduku na dola 5 mfukoni, lakini kichwani walibeba elimu ambayo forodha haikuweza kuwanyang'anya. Mwaka 1961 serikali ya Kennedy ikaanzisha mpango wa wakimbizi wa Kuba: fedha za kujikimu, matibabu, mikopo ya masomo, mafunzo ya kuwarudisha madaktari kwenye udaktari. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 mpango ule ulikuwa umekula karibu dola bilioni 1. Mwaka 1966 ikaja sheria ya kuwapa makazi ya kudumu baada ya miaka 2, baadaye ikawa mwaka 1. Wakati huohuo, kwenye bahari ileile, Mhaiti akikamatwa kwenye boti alirudishwa; kuanzia 1981 walinzi wa pwani waliagizwa kuwazuia wakiwa bado majini. Bahari moja, na wote walikuja na njaa na hofu. Hapo niambieni damu inaingia wapi.

Kuna jambo lililoniuma na kunifundisha zaidi nilipokuwa Hialeah, nalo ni mikopo. Mzee mmoja mwenye karakana ya kushona, ambaye mimi nilimjua akiwa amestaafu, alinisimulia alivyoanza. Benki za Wamarekani zilimtaka historia ya mkopo, naye alikuwa na mwaka mmoja nchini. Akaenda kwa ofisa wa mkopo ambaye naye ni Mkuba, aliyemfahamu tangu Havana. Hakuombwa dhamana. Aliulizwa jina la baba yake na biashara aliyokuwa nayo kabla ya mapinduzi, akapewa. Mikopo ya jina ndiyo ilianzisha maduka mengi ya Miami miaka ya 1960, na mwanasosholojia Alejandro Portes, yeye mwenyewe mzaliwa wa Kuba, ameeleza kwa kina jinsi Wakuba walivyoajiriana na kukopeshana hadi wakawa na uchumi wao ndani ya mji. Lakini angalieni: mkopo ule ulimfaa aliyekuwa na jina Havana. Walipokuja watu 125,000 kupitia bandari ya Mariel huko Kuba mwaka 1980, wengi wao wafanyakazi wa kawaida, na wengi zaidi wakiwa weusi kuliko waliotangulia, hakuna aliyeulizwa jina la baba. Magazeti yaliwaita wahalifu kwa jumla kwa sababu ya wachache. Rafiki yangu ghalani, Mkuba mweusi kama mimi, alinionyesha nyumba tatu alizoambiwa kwa Kihispania safi kwamba zimeshapangishwa, na kesho yake kibao cha kupangisha bado kinaning'inia.

Wanorwei nao walibebana. Mwaka 1895, Minneapolis, walianzisha chama cha Sons of Norway ili mmoja akifa au akiugua familia yake isiaibike. Ni kufa na kuzikana kabisa, kama vyama vyetu. Na Wakuba wa zamani zaidi, wale wa viwanda vya sigara vya Ybor City huko Tampa tangu 1886, walikuwa na vyama vyao vyenye daktari na matanga. Huko Tampa sheria za ubaguzi ziliwagawa: Wakuba weupe chama chao, weusi chao, watu waliokuja meli moja. Sisi tunacheza upatu kila mwezi na tunajua kuchangiana msiba mpaka maiti inafika Dar. Kukopeshana mtaji bado hatujafika huko, na naona ni pengo kubwa kuliko yote tunayoyalalamikia kwenye vikao vyetu vya diaspora.

Kuna hesabu nyingine mtoa mada hakuigusa: waliorudi. Inakadiriwa kama robo ya Wanorwei walirudi kwao. Aliyeshindwa, aliyeugua, aliyechoka na upweke alikata tiketi, kwa hiyo tunaowahesabu ni wale waliobaki. Mkuba wa 1962 hakuwa na pa kurudi. Nyumba yake ilishachukuliwa. Akishindwa, anashindwa palepale, anabaki kwenye takwimu.

Lugha ndiyo iliyonifanya nilie kazini. Vita vya kwanza vya dunia vilipofika, Mmarekani mwenye lugha ya kigeni alitazamwa kama msaliti. Iowa mwaka 1918 gavana alipiga marufuku lugha yoyote isiyo Kiingereza hadharani, hata kwenye simu na kanisani. Kanisa lao la Kilutheri likaondoa neno "Kinorwei" kwenye jina lake mwaka 1946. Gazeti lao kubwa, Decorah-Posten, likafa 1972. Nina bibi mwingine mwenye ugonjwa wa kusahau. Majina ya watoto wake yameshapotea. Jioni moja nilipomwekea sahani alifumba mikono akatoa sala ndefu ya chakula kwa Kinorwei, bila kukwama. Binti yake alikuwa amekaa pembeni, akanigeukia akaniuliza, "Amesema nini?" Mimi ndiye niliyeulizwa. Wakuba, kinyume chake, mwaka 1963 tu Miami ilikuwa na shule ya msingi ya serikali, Coral Way, iliyofundisha kwa Kiingereza na Kihispania. Mwaka 1980 wapiga kura wa kaunti walipitisha amri ya kuizuia serikali yao kutumia lugha nyingine, ikafutwa 1993, na wakati huo Kihispania kilikuwa kimeshaifanya Miami kuwa mahali pa biashara ya Amerika ya Kusini yote. Msimamizi wangu alilipwa zaidi kwa sababu ya lugha hiyo. Hilo ni pato pia, lihesabiwe.

Na nani kasema maisha mema ni mshahara tu? Hialeah sikuwahi kuona mzee akila peke yake. Bibi anaishi na mwanawe, wajukuu wanamrukia, asubuhi wazee wamesimama kwenye dirisha la kahawa wakibishana siasa, kikombe kidogo kichungu chenye sukari, kama kijiwe cha kahawa Kariakoo. Ninakofanya kazi sasa ni pasafi, dawa zinatolewa kwa wakati, na Jumapili nyingi mlango haugongwi. Sisemi watoto wao hawawapendi. Wengi wako mbali kwa ajili ya kazi nzuri hizohizo tunazozisifia. Takwimu za serikali za 2019 zilionyesha Walatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini, Wakuba wakiwemo) wote kwa jumla waliishi wastani wa miaka 81.9, wazungu wasio Walatino 78.8, ingawa wazungu ndio wenye kipato kikubwa. Mwenye kigezo cha damu aje na maelezo ya hilo.

Wanorwei hawa mimi nawapenda, isieleweke vibaya. Nimekulia Iringa, kwenye usharika wa KKKT uliokuwa ukipokea wageni wa Bega kwa Bega, uhusiano wa dayosisi yetu na Walutheri wa Saint Paul. Wiki yangu ya kwanza kazini, mzee mmoja alisikia natoka Iringa akasema "Kamwene," salamu ya kwetu. Alikuwa amefika kijiji cha tatu kutoka kwetu. Nilishindwa kujibu kwa muda.

Kwa ndugu aliyeuliza ukurasa wa kwanza kama ahamie Miami au Minneapolis: kwa mshahara wa kuanzia na huduma za jimbo, Minneapolis. Kodi ya nyumba Miami itakumaliza, na bila Kihispania utabaki ghalani. Mimi kilinichukua miezi minane kuanza kuelewana na watu. Waafrika ni wengi Brooklyn Park na Cedar-Riverside, mtaa ambao zamani ulikuwa wa wageni wa Skandinavia na leo umejaa Wasomali. Kama wewe ni muuguzi au daktari, usitegemee mpango kama ule wa 1961, sisi hatujawekewa. Chukua orodha kamili ya alama kutoka chuoni, yenye muhuri na kwenye bahasha iliyofungwa, kabla hujapanda ndege. Mimi sikuchukua, na imenigharimu miaka miwili ya barua.