Ukienda India, Kula Vitamutamu kwa Majira Yake

Atakayekwenda kusoma Pune, katika jimbo la Maharashtra, kama nilivyokwenda mimi na vijana wengi wa Afrika Mashariki, atakuta gulab jamun, jalebi na ladu madukani mwaka mzima, na si vibaya kuanza navyo. Hata hivyo, anayetaka kuufahamu upishi huu hana budi kufuata kalenda ya wenyeji, kwa kuwa vitamutamu vyao vilivyo bora hupikwa kwa ajili ya sikukuu fulani, mahali fulani. Kabla ya kuagiza chochote, muulize mwenye duka ni sikukuu gani inayokaribia na watu wa hapo huipikia nini.

Kwa Pune, wakati wenyewe ni Agosti au Septemba, kwenye Ganesh Chaturthi, sikukuu ya Ganesha, mungu wa Wahindu mwenye kichwa cha tembo, iliyokuwa ikiadhimishwa zaidi majumbani hadi mpigania uhuru Bal Gangadhar Tilak alipohimiza iwe ya hadhara kuanzia mwaka 1893, ili kuwaunganisha watu chini ya utawala wa Waingereza. Kitamutamu chake ni modak, ambacho Wahindu huamini kuwa Ganesha hukipenda kupita vyote, na desturi ni kumtolea 21. Unga wa mchele husongwa kwa maji yanayochemka, hukandwa ungali moto, hutandazwa kiganjani na kujazwa nazi iliyokunwa na kupikwa pamoja na sukari guru na iliki. Kisha kingo hukunjwa marinda kwa ncha za vidole, hufungwa juu, na modak hupikwa kwa mvuke. Ipo pia modak ya kukaanga ya unga wa ngano, ambayo hudumu siku kadhaa, lakini kwangu ya mvuke haina mpinzani. Itafute kwa akina mama wanaopokea oda majumbani, uile siku hiyo hiyo ikiwa moto, na ukikaribishwa samli ya kumiminia juu, usikatae.

Januari, kwenye sikukuu ya Makar Sankranti, watu hupeana tilgul za ufuta na sukari guru huku wakihimizana kusema maneno matamu. Holi, sikukuu ya rangi, huja na puran poli, mkate mwembamba uliojazwa dengu tamu, na Gudi Padwa, mwaka mpya wa watu wa Maharashtra, huja na shrikhand ya mtindi uliochujwa maji, wenye zafarani.

Likizo ya baridi ikikuruhusu kusafiri, nenda Kolkata, katika jimbo la Bengal Magharibi. Huko msingi ni maziwa yaliyokatwa kwa ndimu na kukamuliwa maji, na kuanzia Novemba hivi sandesh, kitamutamu cha maziwa hayo, hutiwa sukari guru ya utomvu wa mtende, unaogemwa msimu wa baridi tu. Ndiyo sababu sandesh hiyo ukiikuta mwezi wa Juni unapaswa kuitilia shaka. Rasgulla nayo, vidonge vya maziwa hayo vilivyochemshwa katika shira, ina mabishano yake. Watu wa Bengal humtaja Nobin Chandra Das, aliyeiuza Kolkata tangu mwaka 1868, ilhali watu wa jimbo jirani la Odisha husema ilikuwa ikitolewa zamani katika hekalu la Jagannath mjini Puri. Bengal Magharibi ilipata hati ya kulinda rasgulla yake mwaka 2017, na Odisha ikapata ya kwake mwaka 2019. Nakushauri uzionje zote mbili bila kuchagua upande: ya Bengal ni nyeupe na hudunda chini ya jino, ya Odisha ni laini zaidi na ina rangi ya kikahawia.

Unapofunga mizigo ya kurudi nyumbani, viache vyote vya maziwa mabichi, kwa sababu joto la safari huvichachusha. Chukua Mysore pak, kitamutamu cha unga wa dengu, samli na sukari kilichozaliwa katika jiko la ikulu ya Mysore, au ladu za unga wa dengu: samli na sukari huvihifadhi, mradi uvipange katika mkebe mkavu unaofunga vizuri na usiviweke kwenye friji, ambako samli hugandamana.