Maji Machafu Yanaanzia Juu: Maswali Yenu Kuhusu Dakio la Maji

Tunahimizwa tutunze dakio la maji. Mimi nakaa mbali na mto, linanihusu nini?

Dakio ni ardhi yote ambayo mvua yake huteremkia mto mmoja au ziwa moja. Hakuna anayeishi nje yake. Hebu piga hesabu: mvua ya milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Ua uliosakafiwa wa mita za mraba 100, ikinyesha milimita 20, unamwaga lita 2,000 mtaroni, pamoja na oili iliyovuja kwenye gari. Ungekuwa na nyasi, sehemu kubwa ya maji hayo ingezama ardhini taratibu.

Mpaka wake nitauonaje?

Mvua ikinyesha, toka ufuate maji. Yanapoachana, mengine huku mengine kule, ndipo mpaka ulipo. Kwa kawaida ni mgongo wa kilima.

Kikundi chetu huokota takataka mtoni kila mwezi, lakini maji bado ni mekundu kwa udongo. Tunakosea wapi?

Hamkosei, ila mmeanzia mwisho. Plastiki huonekana, na kwenye picha hupendeza ikishaokotwa. Udongo una kwao: shamba la mteremko lililolimwa kutoka juu kwenda chini, barabara isiyo na mifereji, ukingo uliokanyagwa na mifugo. Mvua kubwa ikishapita na mto ukitulia kiasi cha kukaribiwa, pandeni nao mkiwa na chupa angavu. Kila kijito kinapoingia, chota, bandika jina. Ziacheni zitulie usiku kucha, asubuhi mpime kimo cha tope kwa rula. Chupa yenye tope jingi ndiyo inayowaonyesha pa kupeleka majembe: makinga maji yanayofuata kontua (mstari wa kimo kilekile unaokata mteremko), mistari ya nyasi, birika la mifugo mbali na ukingo.

Tumepewa miche ya mikaratusi. Tuipande kwenye chemchemi?

Hapana. Mkaratusi hukua haraka na hunywa maji mengi; upelekeni mbali. Chemchemi izungushieni uzio, mimea ya asili ijirudie yenyewe. Najua uzio hauna sherehe ya uzinduzi.

Bila maabara, tutajuaje mto umepona?

Geuzeni jiwe kwenye maji yaendayo kasi. Mkiona wadudu bapa wenye mikia mitatu myembamba wameng'ang'ania chini yake, ni dalili njema, kwani wengi wao hawavumilii uchafu. Mkikuta viluwiluwi vyekundu kama minyoo tu, basi hewa ya oksijeni ni haba.

Wakulima wa juu hawatusikii. Tuwashtaki?

Jiji la New York lilikuwa na mvutano kama huo na wakazi wa milima ya Catskill, yanakotoka maji yake. Mwaka 1997 walitia saini makubaliano: jiji linunue ardhi kwa anayekubali kuuza, ligharimie mifumo ya majitaka na kuwasaidia wakulima kuzuia samadi isiingie vijitoni. Jiji likaepuka mtambo wa kuchuja wa mabilioni ya dola, na maji ya huko hadi leo hutiwa dawa bila kuchujwa. Kwa hiyo kabla ya mwanasheria, pandeni mkamuulize mkulima: akiacha mita chache za ukingo bila kulima, atapoteza mavuno kiasi gani, na ninyi wa chini mtamfidia nini?