Barua kwa mwanangu: mchawi wa pizza ni maji

Mwanangu,

Meseji yako niliiona juzi usiku, nikaisoma, nikairudia, nikasema hii siijibu kwa kidole gumba, ntakaa niandike vizuri. Umeuliza ule unga wangu wa pizza ya chapchap nilikuwa nauchanganyaje, na mwishoni ukachomeka kaswali kengine kadogo kama vile si kitu, kwamba mjukuu wangu kagoma kula nyama, miaka saba tu, wiki ya tatu sasa, na hujui umpikie cha kwake peke yake kila jioni ukitoka kazini au umwambie ale mnachokula wote. Naanza na unga maana huo naujua.

Ule wa chapchap kabisa hauna hata hamira. Unga wa ngano gramu 250, bekingi pauda vijiko vitatu vya chai, chumvi nusu kijiko, halafu mtindi mzito gramu 200 hivi. Koroga, ukishashikana ukande dakika mbili tatu tu, ukikung'ang'ania vidoleni nyunyiza unga kidogo, ufunike upumzike dakika kumi huku unakata kitunguu. Zinatoka pizza mbili za ukubwa wa kikaango. Na mtu akikwambia lazima oveni, mwambie hajawahi kurudi nyumbani saa moja na nusu usiku na watoto wawili wanakufuata nyuma jikoni kama vifaranga. Pasha kikaango kizito, kikavu, moto wa kati, tupia duara lako ulilolisukuma jembamba, dakika mbili au tatu mpaka chini litoke madoa ya kahawia, geuza. Sasa ule upande ulioiva ndo unaupaka nyanya, unaweka jibini, unafunika na mfuniko, unapunguza moto, dakika nne hivi jibini limeyeyuka. Basi, mnakula.

Kama unataka ya oveni, iwashe mpaka mwisho, nyingi za nyumbani zinaishia 250, na trei iache humo humo ndani nusu saa nzima kabla, pizza itue juu ya chuma kilichoshika moto. Wale wa Naples kule Italia, pizza ilikotokea, oveni zao za kuni zinafika nyuzi 430 mpaka 480 na pizza inatoka ndani ya sekunde 60 mpaka 90, sisi na hizi zetu ni dakika nane, kumi, na hizo dakika zote za ziada ndo maji yanapata nafasi ya kukuharibia kazi.

Nilikwambia ukiwa mdogo na nitarudia mpaka nizikwe, mchawi wa pizza ni maji. Siyo unga, siyo oveni, siyo hamira. Maji. Mtu anapakia uyoga mbichi, spinachi mbichi, vipande vya nyanya, jibini bichi limetoka kwenye maji yake sasa hivi, halafu anashangaa katikati imelowa kama kitambaa cha kudekia, anasema ah, pizza bila nyama haiwezekani. Haiwezekani vipi? Uyoga uweke kwenye kikaango kikavu na chumvi kidogo, bila mafuta, utalia maji yake yote, yakikauka ndo unatia mafuta. Spinachi ichovye maji ya moto halafu ikamue kwa mikono yote miwili kama unakamua shati, utashangaa rundo zima linabaki tonge moja. Nyanya ya kopo imwage kwenye chujio kwanza, juisi ichuruzike, kilichobaki kiponde kwa vidole na chumvi na mafuta ya zeituni na kitunguu saumu, usipike, itaivia humo humo juu. Mozarela mbichi ikate, ilaze juu ya taulo safi nusu saa. Bilinganya ichome kwanza. Hoho na kitunguu ukikata nyembamba kabisa havina neno, weka hivyo hivyo.

Na usijaze! Pizza ni mkate, hivyo vingine ni wageni tu, wakizidi wenyeji wanakosa pa kukaa.

Nyama ya kusaga ukishaikaanga ni kavu, haina usumbufu wa maji, ndo maana nilikuwa naipenda sana zile jioni mama yako yuko zamu ya usiku. Asubuhi nakaanga, jioni namwaga juu, nimemaliza. Na hapo mwanangu unajua ninakoelekea, maana hatujawahi kuliongelea vizuri lile jambo, na hiki kimeseji chako cha juzi kimelifukua.

Ulikuwa na miaka kumi na tatu. Ulisimama pale mlangoni mwa jikoni mkoba bado uko mgongoni ukasema, Baba, mimi nyama basi. Nikacheka. Nikakwambia hiyo itapita kama mafua. Hukununa wala nini, ukasema sawa, ukaenda kubadilisha nguo. Wiki mbili zikapita nakutengea pembeni, naona imekuwa kawaida, na mimi najiona mzazi mwelewa kweli kweli. Ikaja ile Alhamisi. Nimechoka, mdogo wako analia hesabu zake hazijaisha, simu inaita, mikono yenyewe ikafanya ilichozoea, ikamwaga nyama pizza nzima, zote mbili. Nakuja kushtuka jibini limeshaanza kuyeyuka.

Mtu mwenye akili angefanya nini? Angekwambia mwanangu nimekosea, subiri dakika ishirini nikukandie nyingine. Unga ulikuwepo! Mtindi ulikuwepo! Mimi nikachukua kijiko. Nikakwangua nyama nusu nzima ya pizza, taratibu, kwa ustadi kabisa, nikafukia mashimo kwa jibini jingine na hoho, nikairudisha oveni dakika tatu, ikatoka nzuri kuliko ile nyingine. Nikakuwekea mezani nikasema, "Yako hii, haina kitu."

Haina kitu. Hayo maneno mawili ndo yananichoma mpaka leo, siyo nyama.

Ulikula kipande cha kwanza ukanisifia. Cha pili. Kwenye cha tatu ukaacha kutafuna, ukatoa kitu mdomoni kwa vidole viwili, ukakiweka ukingoni mwa sahani, halafu ukakisogeza na ncha ya uma kikae peke yake, mbali na kila kitu. Kipunje kidogo tu cha nyama ya kusaga, ukubwa wa punje ya mchele. (Mama yako mpaka leo anasema vilikuwa vitatu. Yeye alikuwa zamu, aliviona wapi? Kilikuwa kimoja.) Ukaniangalia, hukusema neno, mimi nikajifanya natafuta chumvi. Ukasimama ukaosha sahani yako, yaani ukaiosha na kuifuta, ukaenda kulala saa mbili kasoro. Bora ungepiga kelele mwanangu. Mwezi mzima baada ya hapo ukawa unajikaangia mayai mwenyewe kila jioni, nami napita nyuma yako kama mpangaji anayedaiwa kodi.

Sasa mama yako anasema nakuza mambo, kipande cha nyama kitu gani, watoto wa watu wanalala njaa. Na kuna siku nakubaliana naye, najiambia ulikuwa mtoto, mtoto hawezi kuendesha jiko la watu wanne kwa neno moja alilosema mlangoni, kesho angesema hali mboga ingekuwaje? Halafu nakumbuka ule uma ukisogeza kile kipunje na hoja yote inaniishia.

Kwa ile aibu nikaanza kusoma. Kumbe marinara, katika pizza za zamani kabisa za Naples, ni nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta, haina nyama wala hata jibini. Na Margherita nayo, ile hadithi maarufu ya mwaka 1889 kwamba mpishi Raffaele Esposito alimpikia malkia Margherita nyanya, mozarela na majani ya mrehani, wengine wanaibishia, lakini iwe kweli iwe si kweli, hata ya malkia haikuwa na kipande cha nyama. Nikaja mbio kukuhadithia nikidhani nimepata pa kupatanishia. Ukasikiliza mpaka mwisho, ukasema, "Sasa Baba, kama mwanzo haikuwepo, wewe uliiweka ya nini?" Nilicheka usiku ule peke yangu jikoni mpaka machozi. Na ndo siku uliyokula tena pizza yangu.

Kuna lingine, na hili naliandika haraka kabla sijajuta. Unakumbuka ile parmesan, lile jibini gumu la Kiitaliano, niliyokuwa nakukunia juu ya kila kitu, pasta, mayai, supu, kwa miaka yote minne? Nimekuja kujua wewe umeshahama nyumbani kwamba parmesan halisi, Parmigiano Reggiano yenyewe, inagandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa ndama. Haiwi jibini la asiyekula nyama hata kidogo. Wakati huo wewe mwenyewe ulikuwa umesharudia nyama, nikaona ya nini nimwambie. Kwa mjukuu wangu usifanye kama mimi, soma kibandiko, yapo magumu yanayofanana nayo yanayogandishwa kwa vimeng'enya visivyo vya mnyama. Pale sikudanganya, sikujua tu. Ni tofauti. Nadhani ni tofauti.

Haya, jioni nyingine za wiki. Pasta na kopo moja la nyanya na kitunguu saumu kilichokatwa siyo kilichopondwa, robo saa, ila bakisha kikombe cha yale maji ya kuchemshia umalizie mchuzi nayo (hapa maji ni rafiki, usinibishie). Dengu nyekundu zilizomenywa, hizi haziloweshwi, dakika ishirini ni supu. Trei ya karoti, hoho na maharage ya kopo yaliyochujwa, mafuta, chumvi, oveni ya 220, nusu saa na mayai yanagongewa juu mwishoni. Mtoto akila mayai, maziwa, maharage, usikose usingizi, ila siku akikataa na mayai na maziwa ndo umuone daktari, kuna vitamini B12 haipatikani kwenye mboga.

Na Jumapili kanda ule mwingine wa hamira, gramu 500 za unga, maji gramu 325 ya uvuguvugu tu (ya moto sana unaiua hamira, utakaa unasubiri unga uumuke mpaka mwaka mwingine), chumvi gramu 10, hamira ya chenga robo kijiko cha chai, inatosha, usiniongezee. Saa moja au mbili mezani halafu friji mpaka Jumatatu au Jumanne, itafanya kazi umelala. Madonge manne, kila moja gramu mia mbili na kidogo. Ukirudi unalitoa likapoteza baridi wakati oveni inapata moto.

Sasa hilo swali lako la kumpikia peke yake. Nimelizunguka, unaona. Mama yako anasema sufuria moja, meza moja, asiyetaka aache. Mimi mwishowe tuliishije na wewe? Nilikuwa napika kitu kizima kisicho na nyama, kimekamilika hivyo hivyo, na nyama ikakaa kwenye kibakuli pembeni, anayeitaka anajichotea. Sufuria moja, meza moja, na kijiko hakipiti kukwangua chochote. Lakini hiyo ni namna ya kupika, wewe hujaniuliza namna ya kupika, unaniuliza kama umwachie au umkazie. Nina jibu. Mkono unaniwasha kuliandika. Ila nikiandika utamwambia mumeo Baba kasema, naye atampigia mama yako, na mimi nilishacheka mtoto mlangoni mara moja nikasema itapita kama mafua, kumbe ikakaa miaka minne. Huyo wako ana saba. Wewe umemuuliza kwa nini? Maana mimi sikuwahi kukuuliza, mpaka leo sijui, na kama unakumbuka niandikie, hata mstari mmoja.

Kile kikaango kizito kipo, nimekipaka mafuta, nitakutumia. Usikisugue na sabuni nyingi na usikiache kimelowa, unajua nitasema nini.

Mama yako kaja kusimama nyuma yangu hapa, kasoma yote. Anasema vilikuwa vitatu. Anasema ulivifunga kwenye tishu ukamwekea juu ya mto wake, avikute akirudi asubuhi.

Vitatu. Na wote wawili mmekaa kimya miaka yote hii.

Baba