Rula ije baada ya shibiri

Mhariri, wiki hii umeuliza iwapo mtoto wa darasa la awali apewe rula mapema au aanze kupima kwa mikono yake mwenyewe. Nimefundisha darasa hilo kwa miaka 16, na jibu langu ni kwamba rula ije mwisho, pale mtoto anapokuwa ameshaona mwenyewe kwamba mikono haitoshi.

Kazi ya kwanza ni ya maneno. Katika lugha yetu -refu hubeba mtu, kamba, safari na kisima, na mkubwa ni wa umri na wa umbo vilevile. Kila mwaka huwasimamisha watoto wawili mbele ya wenzao na kuuliza nani mrefu, na kila mwaka wapo wanaomtaja yule aliyetangulia kuzaliwa, hata kama kichwa chake kinaishia begani kwa mwenzake, kwa sababu nyumbani yeye ndiye mkubwa. Mtoto huyo anajibu swali alilozoea kuulizwa. Kwa hiyo tunakaa siku kadhaa kwenye mrefu kuliko, mfupi kuliko na wanalingana kimo, bila kutaja tarakimu hata moja.

Kisha lipo suala la kuanzia mahali pamoja, ambalo watu wazima tumelizoea mno hata hatulioni tena. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alionyesha kuwa watoto wadogo hutazama ncha iliyotangulia na kusahau ile ya nyuma. Mimi hutumia njiti mbili za ufagio wa chelewa: zikilala sambamba, darasa zima husema zinalingana, lakini nikiisogeza moja mbele kiasi cha vidole viwili, wengi hudai kwamba hiyo imerefuka. Kumwambia mtoto kuwa amekosea hakumsaidii chochote. Namwachia njiti azirudishe, azisogeze, azirudishe tena, mpaka mwenyewe aanze kuzigonga chini kwenye sakafu ili ziwe sawa kabla hajasema neno.

Hapo ndipo tunapoingia kwenye shibiri, yaani urefu wa kiganja kilichotanuliwa, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Wazee wetu walipima nguo na kamba kwa viungo vya mwili: shibiri mbili zilifanya dhiraa moja, yaani kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na dhiraa nne zilifanya pima moja, mikono ikiwa imenyooshwa pande zote mbili. Sivileti vipimo hivi darasani kwa ajili ya kukumbuka ya kale tu. Navileta kwa kuwa mtoto anatembea navyo na hahitaji kununuliwa kitu.

Mwaka jana msichana mmoja aliipima meza yangu akapata shibiri tisa. Nikaipima mimi, zikatoka sita. Alirudia tangu mwanzo, taratibu, akibana kidole gumba pale pale kidole cha mwisho kilipoishia, zikatoka tisa tena. Akanyamaza, kisha akakishika kiganja changu, akakilaza chake juu yake, akavitazama vidole vyangu vilivyozidi. "Mwalimu, shibiri zako kubwa, ndiyo maana ni chache," akasema. Kipimo kikiwa kikubwa idadi hupungua: jambo hilo nimeona likiwasumbua watoto wa madarasa ya juu waliofundishwa kusoma rula tu, naye alilipata kwa kiganja chake.

Wazazi huniuliza kama huku si kuchelewesha. Nawaomba wamjaribu mtoto wa darasa la pili kwa rula iliyovunjika, inayoanzia kwenye 3. Penseli ikianzia kwenye 3 na kuishia kwenye 11, wengi watasema ina urefu wa sentimita 11, kwa sababu wamefundishwa kusoma namba ya mwisho, hawakufundishwa kuhesabu nafasi zilizo kati ya mstari na mstari. Mtoto aliyewahi kupanga vizibo vya soda vikigusana, bila pengo na bila kupandana, anajua kuwa kinachohesabiwa ni kizibo chenyewe. Huyo ataijibu nane.

Mwezi Januari kila mtoto wangu husimama ukutani bila viatu, visigino vikigusa ukuta na kitabu kikilala bapa kichwani, nasi tunakata kamba ya katani inayolingana na kimo chake na kuitundika kwenye msumari wenye jina lake. Mwezi Novemba tunakata nyingine na kuzilaza mbili hizo sakafuni, ncha kwa ncha upande mmoja. Upande wa pili kamba mpya huzidi kidogo, kwa kawaida sentimita sita hivi. Watoto huweka shibiri zao pale, na shibiri inapita. Hujaribu vizibo, viwili vinaingia na kijisehemu kinabaki. Wanageuka kunitazama wakitaka kujua wamekua kiasi gani hasa, na siku hiyo ndiyo ninayofungua kabati na kugawa rula.