Wasomaji Wanauliza: Kazi ya Runinga Enzi za Tepu na Filamu

SWALI: Baba yangu mkubwa alikuwa fundi mitambo wa runinga tangu miaka ya 1960. Sasa amestaafu, na nataka kurekodi kumbukumbu zake kwa simu. Nikimwuliza kazi ilikuwaje, ananijibu "ilikuwa nzuri," basi. Siku nyingine akasema walikuwa wakikata tepu za picha kwa wembe. Ni kweli, au ananitania? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Ni kweli kabisa, na hapo hapo kwenye wembe ndipo pa kuanzia. Ukiuliza kwa ujumla utajibiwa kwa ujumla. Fundi mwulize mkono wake ulishika nini, kisha ukafanya nini.

Mashine ya kwanza ya tepu za picha kuuzwa kwa vituo vya utangazaji ilitolewa na kampuni ya Ampex ya Marekani mwaka 1956. Tepu ilikuwa na upana wa inchi 2 na ilipita kwa kasi ya takriban inchi 15 kwa sekunde. Vichwa 4 vya kurekodia vilikaa kwenye gurudumu dogo lililozunguka mara 240 kila sekunde. Katika mashine za laini 625 (idadi ya mistari inayounda picha kwenye kioo), mfumo uliotumika Kenya, mara 250. Picha ziliandikwa kwa mistari iliyokatiza upana wa tepu, na hakuna jicho linaloweza kuiona. Ndiyo maana kukata kulikuwa kazi ya fundi hasa.

Kwanza alisimamisha tepu mahali panapotakiwa na kutia alama mgongoni kwa kalamu ya nta. Kisha alipaka pembezoni kioevu chenye vumbi laini la chuma. Kioevu kikikauka, vumbi lilibaki limeshika palipo na sumaku, na alama za kila picha zikajitokeza. Tepu iliwekwa kwenye kibao chenye hadubini, ikakatwa kwa wembe katikati ya mistari miwili, ikaunganishwa na kipande kingine kwa utepe mwembamba uliobandikwa mgongoni. Ukikosea kidogo tu, picha inaruka au kuvunjika pale penye kiungo, na watazamaji wote wanaona.

Sauti nayo ilikuwa na vituko vyake. Kichwa chake kilikuwa kama inchi 9 kutoka kwenye vichwa vya picha, kwa hiyo picha mpya ilianza na zaidi ya nusu sekunde ya maneno yaliyokusudiwa kutupwa. Fundi alilazimika kutafuta mahali ambapo msemaji amenyamaza. Mwulize mzee: mkikosa mahali pa kimya, mlifanyaje? Hilo haliwezi kujibiwa kwa "ilikuwa nzuri." Kama kituo chake hakikuwa na mashine hiyo, atakwambia walichotumia, nayo ni habari vilevile.

Simu iweke katika hali ya ndege, umbali wa shubiri mbili hivi kutoka mdomoni, juu ya kitambaa kilichokunjwa ili isipokee mtikisiko wa meza. Zima feni. Rekodi asubuhi, kwa sababu mvua ya mchana juu ya mabati itafunika kila neno. Anza kwa kutaja jina lake, mahali na tarehe. Dakika 45 zinatosha kwa kikao kimoja; baada ya hapo mzee huanza kufupisha. Siku hiyo hiyo weka nakala mahali pawili zaidi, mbali na simu.

Uwe na tarehe chache za kupimia: runinga ilianza Kenya 1962, ikitangazwa kutoka Limuru na kufika kama maili 15 tu, shirika la utangazaji la Sauti ya Kenya likaundwa Julai 1964, rangi zikaja 1978. Kituo cha setilaiti cha Longonot kilifunguliwa 1970. Basi mzee akisema waliwaona wanaanga mwezini Julai 1969 moja kwa moja kupitia Longonot, kumbukumbu mbili zimechanganyika. Usimkatize kumsahihisha. Mwulize picha hizo ziliwafikia kwa njia gani, kwa waya, kwa ndege au kwa nini, naye mwenyewe atarudi nyuma kuzipanga. Kwa maoni yetu, kumsahihisha mzee mbele ya kinasa sauti ndiyo njia ya haraka ya kumnyamazisha.

SWALI: Tumerithi mikebe sita ya filamu kutoka kwa babu, aliyekuwa mpiga picha wa habari. Miwili inanuka siki. Naweza kuisafisha na kuitazama kwa projekta ya kukodi? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Projekta hapana, na kusafisha pia hapana. Harufu hiyo ni asidi inayotoka kwenye plastiki ya filamu inapooza. Mvuke wake huharakisha kuoza kwa filamu nyingine, kwa hiyo leo hii itenge miwili hiyo iwe chumba kingine. Filamu inayooza hujikunja na kufupika. Ikifupika hata asilimia 1, matundu yake hayalingani tena na meno ya projekta, na meno yatayararua moja baada ya jingine.

Fungua mkebe mahali penye hewa, mikono mikavu. Usiviringishe upya filamu iliyokaza. Vuta sentimita chache tu uangalie dhidi ya mwanga. Matundu yakiwa upande mmoja, tazama upande wa pili: mstari wenye mawimbi au utepe wa kahawia ni sauti. Picha zikionekana za kawaida, si kinyume (cheupe kuwa cheusi), yawezekana ni filamu ya habari iliyotolewa picha moja kwa moja bila negativu, yaani ile filamu ya kinyume ya kuchapia nakala. Basi ulichoshika ndicho nakala pekee duniani. Filamu ya milimita 16 ya futi 100 haifiki dakika 3. Ya futi 400 ni kama dakika 11.

Usitumie maji, spiriti wala mafuta ya taa. Mkebe ulioota kutu ubadilishe, lakini mpya usiuzibe kwa utepe wa gundi, maana asidi inahitaji kutoka. Weka chini, chumba kikavu na baridi, kamwe si darini chini ya mabati. Ukitafuta mtu wa kuihamishia kwenye kompyuta, mwulize swali moja: mashine yake huvuta filamu kwa meno au kwa roli laini? Akisema meno, mshukuru uondoke na mikebe yako.

SWALI: Kwa nini vipindi vya zamani vimebaki vichache hivyo? – Mwalimu, Mumias

JIBU: Vingi vilikwenda hewani moja kwa moja bila kurekodiwa. Vilivyorekodiwa vilifutwa, kwa kuwa tepu ilikuwa ghali na ingeweza kutumika tena. Hata BBC ilifanya hivyo hadi miaka ya 1970. Baadhi vimeokoka kwa sababu kamera ya filamu ilielekezwa kwenye kioo cha runinga. Ndiyo maana vina ukungu.

SWALI: Shangazi anasema watangazaji wa zamani walikatazwa shati jeupe. Mbona? – Msomaji, Kericho

JIBU: Kamera za siku hizo hazikuhimili tofauti kubwa ya mwanga. Fundi akipunguza mwanga ili shati lising'ae kupita kiasi, uso wa mtangazaji, hasa mweusi, unazama gizani. Akiufuata uso, shati linawaka na kuzungukwa na kivuli cheusi. Shati la bluu hafifu lilimaliza ugomvi huo, na kwenye kioo kisicho na rangi lilionekana jeupe vilevile. Simu yako nayo hudanganyika kwa namna hiyo, kwa hiyo ukimpiga shangazi video usimketishe mbele ya dirisha lililo wazi.