Wazee wangapi wana dimensia? Majibu kwa wasomaji

*Kwa nini wasihesabu tu wanaofika hospitali? (Msomaji, Wete)*

Kwa sababu wazee wengi wenye dimensia, maradhi ya ubongo yanayopoteza kumbukumbu na fahamu, hawafiki. Mzee akirudia suali lile lile asubuhi nzima, nyumbani husema "uzee huo", au kachezewa, akabaki barazani. Daftari la hospitali linaonesha waliopata nauli na mtu wa kuwapeleka. Makisio ya kuaminika huanza kwa kuchagua shehia kwa kura, kisha kubisha hodi kwa kila mzee. Orodha ya Pensheni Jamii, posho ya wazee ya Serikali ya Zanzibar iliyoanza 2016 kwa waliotimiza miaka 70, ingesaidia sana, mradi sheha aongeze waliokosekana.

*Bibi yangu hakusoma skuli. Si atafeli akaambiwa mgonjwa? (Msomaji, Chake Chake)*

Hofu yako ni ya haki. Kumwambia atoe saba katika mia, kisha saba tena, ni kumpima skuli, si akili. Kuna na kinyume chake: bibi anasoma Yasini kwa ghibu bila ya kukosa herufi, lakini hakumbuki kama kala mchana, maana yaliyoingia utotoni huchelewa kutoka. Ndiyo maana vipimo vizuri humuuliza mzee, kisha wakamuuliza anayeishi naye: anaunguza chungu? Anapotea njia ya dukani? Na asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa huulizwa Mapinduzi ya Januari 1964 yalimkuta wapi, yuko chuo cha Kurani au keshaolewa.

*Waliofaulu wanapimwa tena kwa nini? Si kupoteza pesa? (Msomaji, Makunduchi)*

Hapana, na hapa ndipo tafiti nyingi huharibika. Chukua mfano wa kubuni. Wazee 1,000 wanaulizwa masuali mafupi; 150 wanashindwa, 850 wanafaulu. Daktari anawapima wote 150, anakuta wagonjwa 45. Ukiishia hapo utasema asilimia 4.5. Sasa chagua kwa kura 85 kati ya waliofaulu, daktari awapime nao. Akikuta mmoja tu, huyo anawakilisha kumi, kwani umepima mmoja katika kila kumi. Jumla inakuwa 55, asilimia 5.5. Wale kumi walikuwa wagonjwa siku zote. Hesabu ndiyo iliyowaacha nje.

*Idadi ikipanda, maradhi yanaenea? (Msomaji, Mkoani)*

Si lazima. Wazee wakiongezeka, au wagonjwa wakitunzwa vizuri wakaishi zaidi, idadi hupanda.

*Tunaweza kutumia takwimu za bara? (Msomaji, Bububu)*

Kwa uangalifu. Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikuta asilimia 6.4, lakini ya wenye miaka 70 na zaidi. Usiizidishe kwa Wazanzibari wote 1,889,773 wa sensa ya 2022! Chukua kiwango cha kila rika, ukizidishe kwa wazee wetu wa rika hilo, kisha ujumlishe. Hata hivyo utakuwa umeazima wazee wa Kilimanjaro, na presha na sukari za huku, zinazochangia dimensia, huenda si sawa na za kule. Mimi ningependa wetu wahesabiwe wenyewe, Unguja na Pemba.