Kirusi kilichojificha ndani ya bakteria

SWALI: Shikamoo daktari. Nauza samaki kando ya Ziwa Albert. Nasikia bakteria nao hushambuliwa na virusi. Mbona basi wa kipindupindu hawamaliziki?
Mama Muuza Samaki, Hoima

JIBU: Marahaba, mama. Wapo wanaokufa kweli. Lakini virusi vingine haviui: hujipachika ndani ya DNA ya bakteria, vikatulia, na bakteria anapojigawa hurithishwa kizazi hadi kizazi. Vikilala hivyo, mara nyingi humkinga mwenyeji dhidi ya virusi vya jamii yao. Baadhi huamka DNA inapoumia, kwa mfano kwa antibiotiki fulani, vikazaliana na kumpasua.

Kirusi kilichomo ndani ya bakteria wa kipindupindu hutoka bila kumpasua, na hilo linanitia hofu. Sumu inayomharisha mgonjwa choo kama maji ya kuoshea mchele imo kwenye jeni za kirusi hicho. Watafiti Waldor na Mekalanos walilionyesha mwaka 1996. Jamaa wengi wa bakteria huyo wasio na kirusi hicho huishi majini bila kusababisha kipindupindu. Sumu ya dondakoo nayo huletwa na kirusi.

Nakusihi, mama, chemsha maji ya ziwa kabla ya kunywa. Anayeharisha aanze ORS (mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) papo hapo, hata mkiwa njiani kwenda kituo cha afya.